Mwalimu Asiyepanga Majedwali Atapangiwa

Hoja yangu ni fupi, nianze nayo. Kila mwanachuo wa ualimu hapa Songea, awe wa Hisabati au wa Kiswahili, amalize shahada akiwa ameshaunda walau programu moja ndogo ya wavuti kwa Python, iliyounganishwa na kanzidata. Moja tu. Iwe ya kutunza alama za darasa moja, ifanye kazi kwenye laptopu moja, hata bila intaneti.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. "Huyu naye anasoma Historia na Kiswahili, Python inamhusu nini?" Inanihusu, na ninyi inawahusu, na sababu yenyewe si ile ya ajira ambayo kila semina inatuimbia. Sababu ni kwamba ndani ya kanzidata ya shule kuna maamuzi ya kielimu. Mwanafunzi ni nani? Nini kikumbukwe juu yake? Akikosa mtihani aandikweje? Akiacha shule, kumbukumbu zake ziende wapi? Maamuzi hayo leo yanafanywa na yeyote aliyekaa kwenye kompyuta siku hiyo: fundi wa stesheni ya mjini, kijana wa jirani anayejua kompyuta, au mwalimu wa zamu aliyebebeshwa mzigo kwa sababu tu ana laptopu. Sisi tuliosomeshwa saikolojia ya elimu na upimaji na tathmini, hapo hatupo.

Kwanza, kwa nini Excel haitoshi

Wapo watakaosema Excel inatosha. Nilikuwa TP katika sekondari moja ya mkoa huu, sitaitaja. Baada ya mtihani wa muhula, aliyeshika faili la matokeo alitaka majina yafuate alfabeti. Akachagua safu ya majina peke yake, akapanga. Majina yakapanda na kushuka, alama zikabaki pale pale. Karatasi zikachapishwa, wazazi wakapewa. Ilichukua siku tatu kugundulika, pale kijana ambaye Hisabati haijawahi kumpa zaidi ya 20 alipokuja ofisini na 81, mwenyewe akishangaa. Mwenye 81 yake alikuwa binti, na kufikia siku hiyo alikuwa ameshaambiwa nyumbani kwamba shule imemshinda, mwakani atafute cha kufanya. Karatasi mpya zilitoka. Maneno ya baba hayakufutika kwa karatasi mpya.

Mtu atasema huo ni uzembe wa mtu mmoja. Sawa, lakini tazama chombo chenyewe. Kwenye Excel, kinachounganisha jina na alama ni kukaa mstari mmoja, basi. Ukivuruga mstari umevuruga ukweli. Kanzidata haifanyi hivyo. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, alichapisha makala iliyopendekeza taarifa zitunzwe kwenye majedwali yanayounganishwa kwa thamani zilizomo ndani yake. Nafasi ya mstari haina maana yoyote. Panga kwa jina, panga kwa alama, panga kwa jinsia, pindua juu chini: 81 itabaki kuwa ya binti yule, kwa sababu imebeba namba yake.

Darasa la kina Komba na kina Ngonyani

Hapo kwenye namba ndipo Songea yetu inapofundisha vizuri kuliko kitabu. Darasa la hapa lisilo na Komba wawili, Ngonyani watatu, na kina Haule, Mapunda na Ndunguru wa kutosha, hilo darasa limetoka mkoa mwingine. Ukitumia jina kumtambulisha mwanafunzi utakwama wiki ya kwanza. Tena jina lenyewe linabadilika: leo kaandikwa kwa jina la ubatizo, kesho kwa la ukoo, keshokutwa herufi moja imeruka. Kwa hiyo kila mwanafunzi anapewa namba isiyorudiwa na isiyobadilika, na namba hiyo ndiyo ufunguo wake. Wizara na NECTA walishaliona hilo, ndiyo maana mtoto hupewa namba ya PReM tangu shule ya msingi.

Majedwali yenyewe ni matatu. La kwanza wanafunzi: namba, jina, jinsia, kidato. La pili masomo: Kiswahili, Historia, Biolojia na mengine. La tatu ndilo lenye kazi, alama: namba ya mwanafunzi, somo, mtihani gani, na alama aliyopata. Kila alama mstari mmoja. Somo jipya likianza huongezi safu mpya wala huharibu karatasi ya mtu. Unaongeza mstari kwenye jedwali la masomo, mambo yanaendelea.

Hebu chora majedwali hayo kwa kalamu kwenye daftari kabla ya kuwasha kompyuta. Hiyo ndiyo nusu ngumu ya kazi, na ni kazi ya mwalimu. Nusu iliyobaki ni kuandika.

Kazi yenyewe ikoje

Python ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi, na imependwa na wanaoanza kwa sababu msimbo wake unasomeka. Juu ya Python kuna Django, seti ya vifaa vya kujengea programu za wavuti. Ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti moja katika mji wa Lawrence, Kansas, na ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Watu wa magazeti hawana muda wa kusubiri, kwa hiyo waliunda kitu cha kukimbiza kazi. Kanzidata ya kuanzia ni SQLite, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000: kanzidata nzima inakaa kwenye faili moja. Vyote vitatu havilipiwi hata senti.

Hatua ni hizi. Unasakinisha Python. Unafungua folda ya kazi na kuitengenezea mazingira yake ya peke yake, ili vifaa vya kazi hii visigombane na vya kazi nyingine. Unasakinisha Django ndani yake. Unaanzisha mradi, na Django yenyewe inakuwekea SQLite tayari imeunganishwa. Huhitaji kugusa mipangilio. Kisha unaandika yale majedwali uliyochora, moja moja, kwa Python. Jedwali la alama linaweza kuonekana hivi:

class Alama(models.Model):
    mwanafunzi = models.ForeignKey(Mwanafunzi, on_delete=models.PROTECT)
    somo = models.ForeignKey(Somo, on_delete=models.PROTECT)
    mtihani = models.CharField(max_length=40)
    aliyopata = models.PositiveSmallIntegerField(null=True, blank=True)

Majina ya Kiswahili yanakubalika, hakuna sheria inayokulazimisha kuita jedwali kwa Kiingereza. Ukimaliza unatoa amri mbili, makemigrations kisha migrate. Ya kwanza inasoma ulichoandika na kutayarisha mabadiliko, ya pili inayapeleka kwenye kanzidata. Unajifungulia akaunti ya msimamizi, unasajili majedwali yako matatu, unawasha seva, unafungua kivinjari. Ukurasa wa kuingizia majina na alama unaukuta umeshatengenezwa na Django. Mtu aliyetulia anafika hapo wikendi moja.

Neno moja linaloweza kumfuta binti

Sasa rudi kwenye ule msimbo, utazame neno PROTECT. Hapo ndipo penye makala yangu yote.

Django inakulazimisha ujibu swali: mwanafunzi akifutwa kwenye jedwali la wanafunzi, alama zake zifanyweje? Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017 huwezi kukwepa swali hilo. Kabla ya hapo usipojibu ilikujibia yenyewe, na jibu lake lilikuwa kufuta vyote. Majibu ni kadhaa, mawili ndiyo makubwa. CASCADE maana yake mwanafunzi akifutwa, kila alama yake inafutwa pamoja naye, kimya kimya. PROTECT maana yake mfumo unakataa kumfuta mwanafunzi mwenye alama. Mafunzo ya mwanzo ya Django yanatumia CASCADE, kwa sababu mfano wao ni wa kura za maoni na majibu yake. Swali likifutwa, majibu yake ya nini tena? Fundi anayenakili mfano huo ananakili na uamuzi huo, akaupeleka shuleni.

Lakini shule si kura ya maoni. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Mnajua mabishano yaliyotangulia, wala sitayarudia. Swali langu ni la ofisini: binti wa Kidato cha Pili akiondoka Machi, mtunza mfumo akamwondoa ili idadi ya darasa ikae sawa, mwakani binti akarudi na mtoto ameachwa kwa bibi, atakuta nini? Kama neno lililoandikwa ni CASCADE, atakuta yeye ni mgeni. Hakuna alama za Kidato cha Kwanza, hakuna aliyejua alikuwa wa pili kwa Biolojia, hakuna pa kuanzia. Waraka umemfungulia mlango, kanzidata imemfuta jina.

Kama mwalimu alikuwepo jedwali likipangwa, angesema: huyu hafutwi. Mwekee safu ya hali yake: anasoma, amehama, amekatiza, amerudi. Ni neno moja, na fundi asingelipinga. Hakuna aliyemwambia tu.

Mfano wa pili ni ile null=True. Maana yake alama inaweza kuachwa wazi. Aliyeumwa malaria siku ya mtihani si sawa na aliyekaa saa tatu akapata sifuri. Mfumo usioruhusu nafasi wazi unamlazimisha mwalimu kuandika 0, na hiyo 0 inaingia kwenye wastani wa mtoto na wa darasa. Tuliosoma upimaji tunaijua tofauti hiyo. Kompyuta haiijui mpaka iambiwe.

Mfano wa tatu ni daraja. Mtihani wa Kidato cha Nne unatoa A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, chini ya hapo F. A ni pointi 1 hadi F pointi 5, unachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, unajumlisha: 7 hadi 17 daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Python inafanya hesabu hiyo kwa mistari michache na haichoki saa sita usiku kama sisi. Ila usihifadhi daraja kwenye jedwali. Hifadhi alama ghafi, daraja likokotolewe kila linapohitajika. Kuna kipindi kifupi nchi hii iliacha madaraja ikatumia GPA, kisha ikarudi kwenye madaraja. Aliyetunza alama alibadilisha kanuni akaendelea. Aliyetunza madaraja peke yake hakuwa na cha kukokotoa.

Taarifa za watoto si za kusambaza

Kuna jambo jingine tunalolichukulia poa. Matokeo ya darasa zima, majina na alama, yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kama tangazo la mnada. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sheria hiyo imeziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Programu yenye kanzidata inakupa uwezo ambao karatasi na faili la Excel havina: mwalimu wa Historia anaingiza alama za Historia tu, mzazi anaonyeshwa za mwanawe tu, na kila anayeingia ana nywila yake, ambayo Django haiihifadhi ilivyo bali kwa namna isiyosomeka.

Lakini tusijidanganye. Faili moja la SQLite ni shule nzima. Ukiliweka kwenye fleshi bila ulinzi, fleshi ikabaki kwenye bajaji kati ya Msamala na mjini, umepoteza shule nzima. Nakala rudufu lazima iwepo, ifungwe kwa nywila, na iwe na mtu mmoja anayejulikana kuitunza. Hayo nayo ni ya kufundishwa, sambamba na msimbo.

"Lakini sisi si watu wa TEHAMA"

Nimeshawasikia, nijibu moja moja.

Mnasema serikali ina mifumo yake. Ni kweli, na sipendekezi mtu ashindane nayo. Matokeo rasmi yatabaki huko. Ninachosema ni mazoezi ya kila wiki, mitihani ya mwezi na mahudhurio, ambayo leo yanakaa kwenye kaunta buku lililolowa chai. Tena aliyewahi kuunda mfumo mdogo anajua kuuliza maswali kuhusu ule mkubwa. Anajua kusema "hapa hamjaweka nafasi ya aliyerudi." Asiyejua anabaki kubonyeza anapoambiwa abonyeze.

Mnasema umeme na bando. Tangu laini ya Makambako hadi Songea ituunganishe na gridi ya taifa, mjini si kama zamani ya majenereta, ingawa huko vijijini bado kuna siku za giza. Laptopu yenye chaji inatosha. Bando unalihitaji mara moja, siku ya kupakua. Baada ya hapo mmoja wenu anabeba vifurushi vya Python na Django kwenye fleshi, wengine wanasakinisha bila intaneti. Hata kutumia kwa pamoja hakuhitaji bando: washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, walimu wenzako waunganishe simu zao, wafungue anwani ya laptopu kwenye kivinjari. Hiyo ni ya majaribio na mazoezi. Shule ikiamua kuutumia mfumo kwa uzito, ihamie kwenye seva halisi na kanzidata kama PostgreSQL. Majedwali uliyoandika yanabaki yale yale, unabadilisha mipangilio ya muunganisho na kuhamisha taarifa.

Mnasema ni mambo ya Wazungu au ya watu wa Dar. Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar, na Agosti 2025 ukafanyika Arusha. Mara zote mbili nchini kwetu. Mlango uko wazi, tunaokaa nje ni sisi.

Na wapo wenye hofu halali: mwalimu ana vipindi vingi, madarasa yamejaa, sasa aongezewe na Python? Hapana. Sisemi kila mwalimu awe fundi wa mfumo wa shule yake. Nasema kila mwalimu awe ameshaunda mmoja, ili akikaa na fundi ajue anachoidhinisha. Kila mmoja wetu anajua kusoma stakabadhi ya ada bila kuwa mhasibu.

Tufanye nini

Serikali ya wanafunzi ina uwezo wa kuanza muhula huu bila kusubiri Seneti. Kwanza, iombe maabara ya kompyuta jioni moja kwa wiki, wiki sita kabla ya TP. Wenzetu wa TEHAMA waongoze upande wa Python, wa elimu waongoze upande wa majedwali, na asiye na laptopu akae na mwenye nayo. Pili, kila kikundi cha TP kiondoke na majedwali matatu yaliyochorwa, yaliyojaribiwa kwa majina ya kubuni. Narudia, ya kubuni. Majina ya watoto halisi yasiingie kwenye laptopu zetu bila ruhusa ya mkuu wa shule. Tatu, tukirudi, kila kikundi kieleze swali moja la kielimu kililokutana nalo kwenye majedwali. Maswali hayo yakusanywe, yapelekwe kwa wahadhiri wetu wa upimaji na tathmini. Nina uhakika yatawapa kazi.

Tumefundishwa kwamba mwalimu hamwiti mtoto "wewe wa nyuma," anamwita kwa jina. Kizazi chetu kitakuta shule ambazo jina la mtoto liko kwenye jedwali, na karibu na jina hilo pana neno linalosema abaki au afutwe. Neno hilo litaandikwa, tuwepo tusiwepo. Jumatatu nachukua fomu ya kuomba maabara. Nahitaji saini za ma-CR wa kozi zote za ualimu. Njooni na kalamu.